Umebadilisha injini, Land Cruiser bado inasumbua: kosa liko wapi?

Pita garaji yoyote ya Lubumbashi, iwe kwenye mitaa ya Katuba na Kenya au kandokando ya barabara ya Kasumbalesa, hutakosa Land Cruiser ya zamani iliyofunguliwa boneti na watu watatu wanabishana pembeni yake. Mwenye gari analalamika kwamba ametoa pesa ya injini nzima na gari limekuwa baya kuliko mwanzo. Fundi anajibu, "Papa, hii moteri yako njo mubaya." Aliyeuza injini naye anaapa kwamba siku ilipotolewa kwenye gari la kwanza ilikuwa inawaka kwa starta moja. Ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi hakuna anayedanganya.

Ubishi huu hautaisha leo, kwa sababu magari yaliyotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado ndiyo yanayotegemewa na watu wengi kufika Kasenga, Pweto na vijiji ambavyo lami haijavigusa. Chesisi ya gari kama hilo inadumu, injini inachoka. Basi mtu anatafuta injini ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika, anaifunga, na hapo ndipo matatizo ya aina mpya yanapoanza.

Niseme mapema ninavyoona mimi: gari likisumbua baada ya kubadilishiwa injini, injini yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Kosa huwa mahali ambapo injini mpya imeunganishwa na gari la zamani. Ukilijua hilo, utaokoa pesa nyingi ambazo zingeishia kwenye gasketi, pete za pistoni na kazi ya kufungua kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kubadilisha kwa aina mbili

Kubadilisha injini kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutoa injini na kurudisha ya aina ileile: imetoka injini ya Toyota iitwayo 2H, imeingia 2H nyingine. Hiyo ni kazi ya kufungua na kufunga, na fundi makini ataimaliza bila kukuna kichwa. Ya pili ni kutoa aina moja na kuingiza nyingine: imetoka 2H, imeingia 1HZ; au imetoka ya petroli, imeingia ya dizeli, yaani mazutu. Hapo kazi imebadilika kabisa, hata kama magari yote mawili yana nembo ya Toyota.

Tuchukue mfano huo wa 2H na 1HZ, kwa kuwa ndio unaokutwa sana. 2H ni dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa karibu lita 4.0, iliyofungwa kwenye Land Cruiser 60 na nyingine za miaka ya 1980. 1HZ ilitoka mwaka 1990, nayo ina silinda sita, lita 4.2, na nguvu ya farasi 130 hivi. Zote mbili hazina turbo, zote mbili hazina kompyuta. Mtu akiziona zimelala sakafuni anasema hizi ni ndugu.

Ndugu kweli, ila hawafanani tabia. Pampu ya mafuta ya 2H ina silinda zake ndogo zilizojipanga mstari mmoja. Ya 1HZ ni ya mzunguko, kichwa kimoja kinagawa mafuta kwa silinda zote. Ndani ya 2H, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu vinaendeshwa kwa gia za chuma. 1HZ inatumia mkanda wa taimingi. Hili la mkanda limeua injini nyingi: mwenye gari aliyezoea 2H hajawahi kuwaza habari za mkanda, na dashibodi ya gari lake la zamani haina taa ya kumkumbusha. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinagongana. Toyota huelekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea soko, na injini ya okazi hakuna ajuaye imetembea kiasi gani. Kwa hiyo mkanda na tensheni yake vibadilishwe injini ikiwa bado sakafuni, kabla haijaingia garini, bila mjadala.

Kuna na jambo la injini ilikotoka. 1HZ haikufungwa kwenye Land Cruiser peke yake. Basi dogo la Coaster nalo lilikuwa nayo. Injini ya Coaster ni nzuri, lakini karteri yake, lile bakuli la oili la chini, iliundwa kwa ajili ya basi. Ukiishusha kwenye Land Cruiser, karteri inaweza kugusa eksili ya mbele kila gari linapoingia kwenye shimo. Mafundi wengine wanaikata na kuichomelea upya. Ukikubali hilo, hakikisha bomba la kunyonyea oili nalo limefuata sehemu mpya yenye kina, la sivyo kwenye mlima mkali pampu itanyonya hewa.

Gari lolote linakutana na injini yake kwa njia chache tu: mafuta, hewa, umeme, maji, mvuto wa breki, na nguvu inayokwenda kwenye giaboksi. Utafutaji wote wa kosa unapita humo. Kanuni ya kuufanya ni kuanza na kile ambacho kukikagua hakugharimu kitu. Fundi anayesema siku ya kwanza "tufungue kulasi", yaani kichwa cha injini, mwambie asubiri.

Starta inazunguka kwa uvivu

Hili ndilo la kwanza kujitokeza na ndilo linalokula pesa ya bure kuliko yote. Unageuza ufunguo, starta inajivuta. Unanunua betri, inajivuta. Unabadilisha starta, bado inajivuta. Fundi anakwambia injini ni nzito.

Umeme unatoka betri kwa waya mnene hadi kwenye starta, na lazima urudi betri. Njia ya kurudi ni waya wa masi, unaounganisha chuma cha injini na chesisi au na upande hasi wa betri. Injini imeshikiliwa na mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo bila waya huo injini inaelea peke yake. Wakati wa kubadilisha injini, waya huu ndio unaosahaulika, kwa sababu hauna umbo la pyesi (kipuri) ya maana: ni msuko wa shaba uliochakaa, kijana anautupa pamoja na takataka. Sasa umeme unafanya kile kinachofanywa na madereva mpaka wa Kasumbalesa unapofungwa na malori yamejipanga kilomita kadhaa: wenye magari madogo wanatafuta vinjia vya porini. Umeme wa starta, ulio mkubwa kuliko wote garini, unaanza kurudi kupitia kebo ya aksileta, kebo ya breki ya mkono, au bomba la chuma la mafuta. Vinjia hivyo ni vyembamba. Vinapata moto.

Dalili zake ukizijua huzikosi. Kebo ya aksileta ina joto baada ya kupiga starta mara kadhaa. Geji ya joto inapanda ghafla ukiwasha taa kubwa na kushuka ukizizima, ilhali maji hayawezi kuchemka kwa kuwashiwa taa.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Chukua kipima umeme cha kawaida, weka kwenye volti za betri. Ncha moja igusishe kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kishikio chake. Ncha ya pili igusishe chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige starta. Njia ya kurudi ikiwa safi, kipimo kitabaki karibu na sifuri. Kikipita nusu volti, umepata ugonjwa. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya starta. Kisha pima betri yenyewe starta ikizunguka. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, hapo ndipo betri ina kesi ya kujibu.

Dawa ni waya mnene kama ule wa betri, kutoka kwenye injini hadi kwenye chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi bodi. Mahali pa kufungia pakwanguliwe hadi chuma king'ae. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi wakimaliza kubadilisha injini hupaka chesisi rangi nyeusi nzito ili gari lionekane jipya, kisha wanafunga waya wa masi juu ya rangi hiyohiyo.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Dizeli haihitaji cheche. Inahitaji mafuta, hewa iliyobanwa hadi ikapata moto, na mafuta hayo yafike kwa wakati wake. Kwenye pampu ya 1HZ kuna koili ndogo ya umeme yenye waya mmoja. Ukiwasha kontakti, yaani swichi ya ufunguo, koili inavuta na kufungua mlango wa mafuta. Ukizima, mlango unafunga na injini inakufa. Gari lililokuwa na 2H lina mfumo wake tofauti wa kuzima injini, kwa hiyo fundi lazima atafute waya mpya wa kulisha koili hii. Na hapo ndipo anapokwenda kuuchukua waya wa redio.

Waya wa redio unapata umeme ufunguo ukiwa umewashwa, lakini unakatwa wakati wa kupiga starta ili betri isilemewe. Matokeo yake starta inazunguka kwa nguvu zote huku mlango wa mafuta umefungwa. Kuna dalili moja inayoufichua: injini inataka kushika pale tu unapoachia ufunguo. Watu hununua pampu nzima kwa ugonjwa wa waya mmoja. Ili kuhakikisha, washa kontakti bila kupiga starta na uguse koili, utasikia "tik". Usiposikia, leta waya wa muda kutoka chanya ya betri, wenye fyuzi, hadi kwenye koili. Injini ikiwaka, pampu haina kosa. Tafuta waya unaobaki na umeme kontakti ikiwashwa na wakati wa starta vilevile.

Suala la volti nalo liangaliwe hapahapa. Magari mengi ya dizeli ya aina hii yaliyouzwa ndani ya Japani yana umeme wa volti 24, wakati mengi yaliyotumwa nje yana volti 12. Koili, starta, alternata na buji (za kupasha, si za cheche) zinafuata gari zilikotoka. Koili ya volti 24 kwenye gari la volti 12 inaweza kuvuta siku hii na kukataa siku nyingine, hasa starta inapoishusha betri hadi volti 10. Kinyume chake kinaunguza. Kabla ya kufunga chochote, soma kibandiko cha alternata na cha starta.

Koili ikiwa nzima na gari haliwaki, au linawaka na kufa baada ya dakika moja, shuku hewa ndani ya mafuta. Mpira wa zamani wa mafuta unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone moja, kwa kuwa pampu inavuta. Hewa inaingia, mafuta hayatoki. Ndiyo maana kutazama chini ya gari hakusaidii. Weka kipande cha mpira unaoonekana ndani mbele ya pampu na utazame kama kuna mapovu. Kipimo kikali zaidi, nami nakipenda kwa kuwa kinamaliza ubishi, ni kidumu: jaza mazutu safi kwenye kidumu, kiinue juu ya injini, ingiza mpira mmoja moja kwa moja kwenye pampu na mwingine wa kurudishia mafuta. Injini ikinguruma vizuri kwa kidumu, kosa liko kati ya tangi na pampu: mipira, chujio, pampu ya mkono, au tangi lenyewe. Tangi la gari lililolala miezi lina kutu na tope, na mazutu ya kununua kwa dumu barabarani huja na maji yake. Chujio likiziba, gari litawaka kirahisi lakini litakosa nguvu mlimani, kisha likipumzishwa linaamka tena. Hewa inasumbua wakati wa kuwasha. Uchafu unasumbua wakati wa mzigo.

Kuna bolti mbili juu ya pampu ya mzunguko, ya kuingizia mafuta na ya kurudishia. Kwa nje zinafanana. Ya kurudishia imeandikwa OUT na ndani ina tundu dogo mno, ambalo kazi yake ni kushikilia presha ndani ya pampu. Zikibadilishana mahali, injini inakosa nguvu au haiwaki kabisa, na hakuna atakayeona kwa macho. Zifungue, zipulize, uone ipi ina tundu dogo.

Mwisho wa habari za kuwasha ni baridi. Juni na Julai, alfajiri ya Lubumbashi inashuka chini ya nyuzi 10, na dizeli za aina hii zina chemba ndogo ya kuchomea inayotaka kupashwa na buji kabla ya kupiga starta. Aliyebadilisha injini mwezi wa Oktoba anaweza kukaa miezi minane bila kujua kwamba buji zake hazijaunganishwa. Juni ikifika, gari linatoa moshi mweupe unaochoma macho na linawaka kwa kusukumwa. Angalia kama buji zinapata umeme, na kama ni za volti zinazofaa: kwenye mifumo mingine ya Toyota ya zamani buji zilikuwa za volti chache kuliko betri, zikilindwa na kipunguza umeme. Ukizipa volti 12 moja kwa moja zinaungua mara moja. Na tafadhali, gari lenye buji za kupasha usilipulizie spirei ya kuwashia kwenye hewa. Spirei inashika moto kabla ya wakati na inaweza kuvunja pistoni.

Moshi mweusi si nguvu

Nimesikia dereva akijisifu kwamba gari lake "linatoa moshi ya nguvu". Moshi mweusi ni mazutu ambayo hayakupata hewa ya kutosha, yaani ni pesa inayotoka kwenye eksosi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hapa hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam au Durban. Injini isiyo na turbo inavuta hewa ileile anayovuta dereva wake. Pampu iliyopimwa kwa ajili ya mji wa pwani itamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Moshi kidogo unapokanyaga ghafla si shida. Moshi mzito wa kudumu unataka pampu ipelekwe kwa mpimaji mwenye mashine, apunguze. Kukaza bisibisi ya mafuta ili gari "livute" kunapandisha joto la kuchomea, na kulasi za 1HZ zinajulikana kupata nyufa zikipewa joto kupita kiasi. Anayekushauri ufunge turbo ya okazi juu ya 1HZ ili uwahi Kolwezi, muulize kama atalipia kulasi.

Mweupe na mweusi nimeshavitaja. Wa bluu ni oili. Lakini kabla hujalaumu pete za pistoni kwa moshi wa bluu, angalia bomba la hewa. Chujio la hewa la gari la zamani halikupangwa kwa mdomo wa injini mpya, basi fundi anaunganisha na kipande cha mpira na waya wa kufungia. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu la barabara ya Kasenga linaingia kwenye mwanya wa kupitisha kucha. Vumbi hilo ni mchanga, na mchanga unakwangua silinda. Injini nzima inakuwa mlaji wa oili ndani ya msimu mmoja, kisha aliyeiuza anaitwa mwizi. Fungua bomba baada ya chujio, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na wekundu, simamisha gari siku hiyohiyo.

Gari linachemsha, au geji inadanganya?

Kabla ya kutibu joto, hakikisha joto lipo. Kidude kinachopima joto la maji kimelinganishwa na geji yake. Ukiingiza injini mpya na kidude chake, geji ya dashibodi ya zamani inaweza kusoma juu au chini ya ukweli. Pima kwa kipimajoto cha kuelekeza kwenye bomba la juu la rejeta. Joto likiwa la kawaida na geji iko kwenye nyekundu, chukua kidude cha injini ya zamani ukihamishie kwenye mpya kama uzi wa bolti unakubali.

Joto likiwa la kweli, dawa ya mtaani inajulikana: "Toa termostati." Nasema wazi kwamba ni ushauri mbaya. Termostati ya injini nyingi za namna hii ina kazi mbili. Inapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta, upande wake wa pili unafunga njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kuonja rejeta. Asubuhi injini haipati joto lake, mchana kwenye mlima inachemsha. Ibadilishe kwa mpya, na kitundu chake kidogo cha kupitishia hewa kielekee juu.

Baada ya hapo tazama feni. Rejeta ya zamani ina kava lake linalozunguka feni ili upepo upite kwenye rejeta badala ya kuzunguka pembeni. Injini mpya ikikaa sentimita chache mbele au nyuma, kava linagusana na feni, fundi analitoa na kulisahau ukutani. Mwendo wa barabara ya Likasi hutaona tofauti. Utaiona mjini kwenye msongamano, jua la Oktoba likiwa utosini. Kifuniko cha rejeta nacho si cha kudharau. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima kinayabana na kuyavusha juu kabisa ya hapo. Kilicholegea kinayaacha yachemke mapema. Ni pyesi ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa katika makala haya.

Breki, kabla ya yote

Aliyetoa injini ya petroli na kuweka dizeli asome hapa mara mbili. Injini ya petroli inajitengenezea mvuto wa hewa unaosaidia breki. Dizeli ya zamani haina mvuto huo. Ina pampu yake ndogo, ambayo kwenye baadhi ya injini imefungwa mgongoni mwa alternata. Ukiweka alternata ya gari lingine kwa sababu ya kwanza imeungua, umeondoa na breki bila kujua. Kipimo: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu, ishikilie chini, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isiposhuka, gari lisitoke getini.

Giaboksi iliyolazimishwa

Injini na giaboksi vinapokutana, vinatakiwa kufungana kwa kusukumwa na mikono hadi vigusane. Vikibaki na mwanya wa kidole, kuna kitu hakijakaa: sahani ya klachi haiko katikati, au rulema (beringi) ndogo ya katikati ya flaiwili si ya saizi ya shafti ile. Fundi mwenye haraka anaingiza bolti ndefu na kuuvuta mwanya kwa spana. Mlio wa chuma unasikika, mwanya unafungika, kila mtu anafurahi. Kwa kufanya hivyo amesukuma shafti ya giaboksi juu ya krenki, shafti kuu ya injini, na krenki inaanza kula bushi zake za pembeni. Injini itagonga baada ya wiki chache. Ukiwa mwenye gari, hii ndiyo saa ya kusimama garajini ukitazama kwa macho yako, kuliko saa ya kupaka rangi.

Gari likitetemeka kwa mwendo fulani tu, tuseme kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, na likisimama linatulia, usibadilishe nozeli za mafuta. Injini na giaboksi zimehama, pembe ya propela (shafti inayotoka giaboksi) imebadilika, na krosi, viungo vyake, zinalalamika. Likitetemeka limesimama kwenye sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa, angalia mipira ya kushikia injini.

Haya yote nimeyasema kuhusu injini za chuma na nyaya chache. Injini kama 1KZ-TE ya Prado au 1KD-FTV zinaongozwa na kompyuta. Hizo ukizinunua bila kompyuta yake, nyaya zake zote na pedali yake ikiwa ni ya umeme, umenunua kipande cha chuma. Kwa gari la kwenda porini ambako fundi wa kompyuta hayupo, mimi ningebaki na 1HZ.

Gari likishatulia, lirudishe garajini baada ya kilomita 500. Kaza upya bolti za mipira ya injini, za giaboksi na za propela, badilisha chujio la mafuta, na mwaga oili ya kwanza uitazame kama ina unga wa chuma. Dai kwa muuzaji karatasi ya mauzo iliyoandikwa namba ya injini, uilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe kabla ya kulipa, na uiweke pamoja na karte roze, kadi ya gari.